Matofali Mabichi ya Mama Zubeda, Gikondo

Dada Mwajuma, shikamoo kutoka Kigali.

Mdogo wako, mtu wa safari za Dubai na Lusaka, sasa ni kiongozi wa wanaojitolea kujengea watu nyumba, na nimejifunza kukanyaga udongo wa matofali kama ng'ombe. Mgongo umegoma. Leo mchana mvua ilikuta matofali mabichi yako nje. Yakiyeyuka, Mama Zubeda, mjane tunayemjengea, hana nyumba. Mimi naitisha turubai tusilokuwa nalo, yeye kashavua kitenge chake cha juu, anafunika. Akanipigia kelele: "Kiongozi, unangoja nini? Iko inanyesha!" Nikavua shati, kikosi kizima kikavua, mtaa mzima wa Gikondo ukaona vitambi. Tumeyaokoa karibu yote. Sasa tunatetemeka kwa jirani yake, tunakunywa uji wa mtama, hakuna mwenye nguvu ya kucheka.

Lala vizuri, dada. Lala na usingizi wangu pia, maana kwa mgongo huu mimi leo silali.

Hamisi