Ile ya Ambreyaje ao Ile Isiyo Nayo

Kashikishi, Nchelenge
Zambia
Tarehe 19 Septemba 1999

Mupendwa mudogo wangu Vicky,

Nakusalimia kwa moyo wote, salamu ya asubuhi na ya mangaribi pamoja, juu sijui barua hii itakukuta saa gani. Uko muzima? Kile kikohozi ulichosema kilikushika mu baridi, kilikuachia? Unakula vizuri, ao bado unakunywa kahawa tu na kukimbilia kazini? Kule Liège, mu Ubelgiji, hakuna mutu wa kuchungulia mu sahani yako, kwa hiyo nachungulia toka huku.

Sisi hapa tunapumua, Mungu anasaidia. Bwana yangu Hippolyte angali anavuka ziwa kwenda Kilwa, ile ya upande wa Kongo, na sukari na sabuni, anarudi na samaki. Vita haijafika Kilwa, lakini habari zake zinafika kila siku na mitumbwi, na kila mara anapovuka mimi nashika rozari mpaka arudi.

Mutoto wetu Deborah ameng'oka meno mawili ya mbele. Anaongea Kibemba kuliko Kiswahili sasa. Juzi aliangalia picha yako ya ku ukuta, akaniuliza: "Huyu njo mama mudogo? Mbona yeye ni mukubwa?" Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia kidogo. Hajakuona hata siku moja, Vicky. Anakujua kama watakatifu wa ku kalenda.

Sasa nikuje ku barua yako ya mwezi wa sita. Unisamehe kuchelewa. Sikukusahau. Jibu la Papa lilikuwa tayari tangu siku ya kwanza nilipomusomea, halafu likageuka, na namna lilivyogeuka njo nataka kukueleza.

Papa yuko vile vile. Tangu kiharusi kilipomupiga kule Likasi na tukamuleta hapa, muguu wa kushoto anaukokota, na mukono wa kushoto unashika kitu lakini hauna nguvu. Anashinda ku baraza la nyumba na fimbo yake. Watu wa hapa wanamuita Bashikulu, kwa heshima, kama wanavyoita babu wote. Yeye haitaki ile jina. Anasema: "Mi niko mekanisien, fundi wa magari." Dada muuguzi alimupatia mazoezi ya muguu, kusukuma na kuachilia, kusukuma na kuachilia. Alikuwa anakataa. Alisema muguu uliokufa hausukumiwe.

Barua yako ilimufurahisha sana. Zile picha mbili ulizokata mu gazeti alizishika karibu na macho. Gari ni ile ile moja, ndogo, ya milango miwili, imelala chini kama chui. Tofauti iko mu tumbo tu. Ku picha ya kwanza alihesabu pedali na kidole: tatu. Ku picha ya pili: mbili. Akaniuliza: "Ya tatu balifichia wapi?"

Nikamusomea tena pale unapoeleza: ya kwanza ni mekaniki, unakanyaga ambreyaje, ile watu wa hapa wanaita klachi, na unabadilisha gia mwenyewe, ya pili ni nusu otomatiki, gia unachagua mwenyewe lakini pedali ya ambreyaje hakuna, mashine inakanyaga mahali pako. Kwamba marafiki wa kazi wanakusukuma uchukue ya pili, juu ukitoka kuinua wazee wagonjwa usiku muzima, magoti yanauma, na mu foleni za magari unakanyaga mpaka unachoka. Kwamba wewe mwenyewe hujui, na unamuachia Papa aseme.

Hakufikiri hata kidogo. "Andika: mekaniki. Gari ya mbio bila ambreyaje, ataisikilia na nini?"

Nilijua anakumbuka nini. Ile gari ya zamani, kupe ya milango miwili, aliyoiokota imevunjika, akaitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, na siku ya Mungu kiisha misa anatupeleka ku njia ya Kambove. Unakumbuka alivyokuwa anaweka mukono juu ya goti letu? "Achilia polepole. Polepole, Vicky. Sikia pale inashika." Mimi sikusikia kitu, gari iliruka kama mbuzi na ikazima. Wewe ulisikia siku ya kwanza. Mama yetu Rosaria, Mungu amupumuzishe, alikuwa nyuma anapiga makofi. Tangu siku ile Papa alijua nani kati yetu atakuwa dereva, na mimi sikuona wivu, juu ulikuwa muzuri sana ku usukani ule.

Basi niliweka karatasi mezani niandike: mekaniki. Halafu Deborah akashikwa malaria, halafu samaki wakaanza kununuliwa haraka na sikupata nafasi. Mwezi wa nane ukaingia.

Siku hiyo nilikuwa naanika chisense, wale samaki wadogo, karibu na nyumba. Papa alikuwa ku baraza. Ikapita gari toka upande wa bandari, sauti yake nyembamba na kali. Papa akainua kichwa. Ikabadilisha gia, akasimama. Mimi nilikuwa nasikia gari tu, yeye alikuwa anasikia mutu.

"Angèle," akasema, "ule haachilie mafuta na muguu kama siye. Kuna kitu."

Gari ikasimama kwa jirani yetu Eneless, ambaye anauzisha chai na ubwali, ugali wa hapa. Akashuka Mukongomani mumoja, kijana wa miaka kama makumi tatu na tano, jina lake Eddy, mufanya biashara wa Lubumbashi, amekuja kutafuta samaki wa kupakia. Gari yake ilikuwa ya rangi ya feza, ya milango miwili, na usukani ku kushoto kama kwetu Kongo, si kama magari ya hapa. Kabla sijaweka kitambaa sawa, Papa alishafika pale na fimbo yake, anainama ku dirisha. Vicky, hajatembea hivyo tangu tulipomushusha mu mutumbwi.

"Kijana, ambreyaje yako iko wapi?"

"Hakuna, Papa. Kuna pompe kidogo na akili ya umeme. Mi nasukuma tu hii kifimbo: mbele inapanda, nyuma inashuka. Yenyewe njo inakanyaga."

"Na mukono unatumika gani?"

"Wa kuume."

"Na muguu?"

"Wa kuume. Ule mwingine unapumzika."

Papa akaangalia muguu wake wa kushoto, akaangalia pedali mbili. Eddy akaelewa kabla yangu. Hakuuliza mambo mingi, alifungua mulango tu na kusema: "Ingia, Papa."

Mimi nikapiga kelele toka ku samaki: "Hapana! Papa ni mugonjwa!"

"Mugonjwa ni muguu," Papa akasema. "Mi sina ugonjwa."

Eneless akasema na Kibemba tumuache, mukwai, tafazali, muzee anajua mwili wake. Nilinawa mikono haraka nikaingia nyuma, mahali ambapo hakuna mutu mukubwa anaweza kukaa, magoti yakanifika ku kidevu. Nilisema kama tunakufa, tukufe pamoja. Eddy akakaa pembeni ya Papa, mukono wake karibu na breki ya mukono.

Papa aliweka mukono wa kushoto juu ya usukani kama mutu anayeweka mukate juu ya meza, ukakaa. Akakanyaga breki, akasukuma kifimbo, namba moja ikaonekana ku dashibodi. Akaachilia breki. Gari haikuenda. Akatoa jasho. Eddy akasema polepole: "Mupe mafuta, Papa. Yenyewe itashika." Akaipa mafuta mingi, ikaruka, Eneless akakimbia na sufuria yake. Kisha tukaenda.

Tulishika njia ya Kabuta. Mwanzoni alienda kama mutu anayebeba maji. Namba mbili. Namba tatu. Kila mara kabla ya kusukuma kifimbo, niliona paja lake la kushoto linatikisika chini ya suruali. Lilikuwa linatafuta pedali. Muguu ule ule aliosema umekufa ulikuwa unataka kufanya kazi yake ya miaka yote, na pedali haikuwepo. Eddy pia aliona, akageuza macho ku dirisha.

Tukakuta wale watu wa baisikeli wamepakia mafurushi ya samaki wanapanda kwenda ndani. Papa akashusha gia mbili, tak, tak, gari ikanguruma yenyewe na kupunguza mbio, tukawapita kwa mbali, bila kuwatupia vumbi. Eddy akasema: "Eee, Papa! Mi sijafanya vile hata siku moja." Papa akacheka. Unakijua kile kicheko, kinachotoka puani kwanza. Nilikuwa nimekisahau.

Alisimamisha gari mahali ambapo ziwa linaonekana lote. Akazima. Akakaa pale mikono yote miwili juu ya usukani, machozi yanashuka na hayapanguse. Akasema: "Rosaria hayuko, Vicky hayuko. Nani atajua?"

Nikasema: "Mi niko, Papa."

"Ndiyo," akasema. "Lakini weye hujue kuendesha."

Usiumie kwa ajili yangu, mudogo wangu. Hakusema kwa ubaya, na ni kweli. Ila njo siku ile nilijua kwamba njaa anayokuonea wewe haina chakula hapa kwangu, hata nimupikie nini. Na mimi naisikia njaa ile ile. Naongea na wewe nikianika samaki. Nasikia mwanamuke anacheka sokoni, nageuka, ni mutu mwingine.

Tuliporudi, hakutaka kuachana na gari kabla ya kuangalia chini ya kifuniko cha mashine. Eddy alimuonyesha yote. Kisha akakaa ku baraza na kusema: "Angèle, ulishaandika ile barua?"

"Bado."

"Muzuri. Andika: achukue ile ya pedali mbili."

"Lakini ulisema..."

"Niliyosema nilisema. Siku Vicky ataniita nifike Liège, nitamuendesha. Ya pedali tatu sitaiweza. Ya mbili ninaiweza. Atatoka kazini amechoka, mi nitamungoja ku mulango na gari."

Hilo njo jibu lake, nami nimeliandika kama alivyolisema.

Sasa nisikilize mimi dada yako. Munganga wa hospitali aliniita pembeni mwezi wa saba. Alisema moyo wa Papa hauruhusu ndege, wala safari yoyote ya mbali, wala mwaka huu wala mwaka kesho. Sikumwambia. Na kiisha siku ile ya gari nitamwambia namna gani? Sasa anafanya yale mazoezi asubuhi na mangaribi bila kuambiwa. Anasukuma muguu juu ya ukuta mpaka plasta inaanguka. Wiki iliyopita alienda mwenyewe mpaka bandari na kurudi. Eddy alirudi Lubumbashi, akamuahidi kumupitia tena, na Papa ananyoa ndevu kila siku kama gari iko njiani. Sitaki kumunyanganya hiyo.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi nisiyejua gari, nasema usiifuate ile sauti ya Papa peke yake. Usinunue gari kwa dereva ambaye hatafika. Uliandika kwamba ile ya ambreyaje ulipoijaribu uliimba njia yote. Mwandike Papa kwamba umechagua, tafuta maneno mazuri, wewe unayajua. Na kama unaweza, kabla gari haijafika ku mulango wako, kuja wewe. Njia ya Lubumbashi ni mubaya, lakini kwa Lusaka na Mansa watu wanafika. Siombi kitu kingine. Usibebe zawadi, kuja na mikono tupu.

Hippolyte anakusalimia sana, anasema chumba kiko. Eneless anakusalimia, anakuita "dada ya gari". Deborah amekuchorea ndege ku ukuta, haikuingia mu bahasha. Mungu wa Mama Rosaria akulinde mu barabara za kule, akupatie usingizi muzuri kiisha kazi, na akufungulie njia ya huku.

Miye dada yako ninayekupenda na kukungoja kila siku,
Angèle

Vicky, ni miye Papa. Angèle ameenda ku soko, ameacha barua ku meza, nimeisoma yote polepole, karatasi karibu na macho. Usimukasirikie, miye pia simukasirikie. Mambo ya ndege nilijua. Munganga aliongea karibu na dirisha, na kilichokufa kwangu ni muguu, si masikio. Nilisema ile ya pedali mbili juu nilikuwa nimetoka kuendesha, na mutu akitoka kuendesha anaona njia zote ziko wazi. Chukua ile ya ambreyaje. Muguu wako ungali unakusikia, uutumikishe. Achana na maneno ya marafiki wa kazi. Na kama kuna namna, kuja. Nataka kukuona na macho.
Papa yako, François