Nyama Nyekundu

Kwako Kaka,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini hamjambo, na kwamba yule mdogo ameshapona kikohozi. Sisi huku ni wazima. Cherehani yangu inazunguka, na Baba anapumua bila kukoroma kifuani, jambo ambalo kama tungewaachia wewe na Shangazi lisingekuwepo. Nimeanza kwa ukali, najua. Nilijaribu kuandika salamu ndefu za upole, nikazichana, kwa sababu hazikuwa za kweli.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu huniachi nimalize. Ukisikia sentensi moja umeshajibu mbili, halafu unasema mteja amefika. Karatasi haina mteja. Kaa chini uisome mpaka mwisho, hasa huko mwisho.

Unajua yalivyoanza, lakini umeyajua kwa mdomo wa Shangazi, kwa hiyo nayarudia. Baba alianguka dukani akitundika paja la ng'ombe kwenye ndoano. Tukamkimbiza hospitali mimi na Shangazi, Baba akiwa bado na aproni yake ya damu, hata mlinzi wa getini akadhani amechomwa kisu. Daktari alimpima, akatuita wote watatu, akasema mishipa ya moyo imeanza kuziba kwa mafuta. Akasema, na haya ni maneno yake, Baba aache nyama nyekundu na ale mboga kwa wingi. Basi. Akaita mgonjwa mwingine.

Kaka, tuliingia mle watu watatu tukamwona daktari mmoja, tukatoka na masharti matatu. Shangazi alisikia nyama nyekundu akaelewa nyama isiyoiva, ile inayotoa damu ukiikata. Akasema hilo halina shida, yeye ataichemsha mpaka iwe nyeusi. Na hiyo mboga kwa wingi akaielewa kama inavyoeleweka mezani kwake, ambako ukiuliza leo mboga ni nini unajibiwa kuku, au samaki, au nyama. Kwa hesabu yake, daktari alikuwa ameagiza nyama nyingi iliyoiva vizuri. Baba naye, mtu aliyeshinda buchani maisha yake yote, akasema nyekundu ni steki. Mbavu zina weupe, mkia una weupe, utumbo na ulimi havihesabiki kabisa. Alifika nyumbani akiwa ameruhusiwa ng'ombe mzima isipokuwa mapaja.

Mimi ndiye niliyerudi kuuliza. Daktari alishika kichwa. Akanieleza kwamba nyekundu ni ng'ombe, mbuzi na kondoo, iwe mbichi au iwe imeungua, na kwamba kwa hali ya Baba ni afadhali aweke kando nyama yote kwanza. Mboga alimaanisha majani, maharage, dengu na vitu vya shambani. Nikafika nyumbani nikawaeleza neno kwa neno. Shangazi akaniuliza iweje nisikie vizuri kuliko yeye, wakati siku ile yeye alikaa karibu na daktari na mimi nilikaa mlangoni.

Basi nikaingia jikoni. Kupika bila nyama katika nyumba iliyoungana na bucha si mchezo. Ukuta wa jiko ndio ukuta wa duka; nikitwanga karanga huku, nasikia shoka likipasua mfupa kule. Maharage niliyaloweka, nikayachemsha mpaka yakalegea, nikayaunga kwa kitunguu na nyanya, nikamalizia na tui zito. Boga nililikata vipande, nikalipaka mafuta na chumvi kidogo, nikaliweka kwenye oveni mpaka kingo zikawa za kahawia. Viazi nilivichemsha na maganda yake, nikamenya, nikaviponda pamoja na njegere, nikavibonyeza kuwa bapa na kuvikaanga kwa mafuta kidogo tu ya kulowesha kikaango. Hakuna cha ajabu hapo, ni vitu ambavyo hata wewe ungeweza kupika kama ungekuwa unajua jiko la nyumba yako liko wapi.

Na kwa vile Baba anapenda kitu kitamu baada ya kula, nilitoa tende kokwa, nikazitwanga na karanga za kukaanga mpaka zikashikana, nikaviringisha vijidonge na kuvigaragaza kwenye nazi iliyokunwa. Havihitaji hata moto. Baba alisema hivyo ni vitu vya watoto, lakini kila nilipofungua kopo nilikuta vimepungua. Nilipomuuliza akasema labda ni panya. Panya gani huyo anayejua kurudisha kifuniko, sijui.

Siku za mwanzo alinuna. Nilimsikia kupitia ukutani akiwaambia wateja kwamba binti yake anamlisha kama mbuzi, nao wanacheka. Nikajikaza, kwa sababu sahani zilikuwa zinarudi zimefutwa. Shangazi ndiye ambaye hakujikaza. Akaanza kuleta sufuria ya supu ya mifupa, akipitia mlango wa dukani nisimwone. Nikimfuma ananiambia hii si nyama, ni maji. Nikiimwaga ananiuliza nimelelewa wapi, wakati tangu Mama atutoke amenilea yeye.

Hapo ndipo ulipoingia wewe. Ulipigiwa simu na Shangazi, na hukuona haja ya kunipigia mimi ninayelala chumba cha pili kutoka kwa Baba. Kikao kikaitishwa sebuleni kwangu, kwenye viti ambavyo vitambaa vyake nilivishona mwenyewe. Simu ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa yote, nawe ukanihukumu mbele ya majirani. Ulisema namuua Baba kwa njaa. Ulisema chakula changu ni cha sungura na mwanamume wa kazi hawezi kukishiba. Ulisema mwenye bucha akionekana anakula majani nani atanunua kwake, na nani atanunua kwenye bucha yako huko, maana jina lililoandikwa juu ya maduka yote mawili ni lake. Kaka, hapo ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa unalinda ubao wa dukani, si mtu mwenye jina lake. Nilitaka kujibu, ukasema mteja amefika.

Kikao kikaamua Baba ahamie kwa Shangazi, naye akakubali. Alichukua mswaki, redio na shuka lake, na baada ya kuondoka nikagundua alichukua pia lile kopo la tende.

Shangazi alipika kama alivyoahidi. Alichemsha mkia ukawa mweusi, akachemsha mbavu zikawa nyeusi, ulimi nao vilevile. Waliopita kumsalimia walisifu jinsi mzee anavyonawiri. Nilikwenda na chakula changu, nikapokewa mlangoni na kuambiwa mgonjwa amelala, huku namsikia ndani akicheka na redio. Kisha asubuhi moja akainama kuvaa viatu, akashindwa kuinuka. Shangazi alinipigia akilia, akirudia kwamba haikuwa nyekundu, anaapa haikuwa nyekundu hata kidogo. Niliondoka mbio na tepu ya kupimia shingoni, nguo ya mteja nikaiacha chini ya sindano.

Daktari alikuwa yuleyule. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyempikia. Akasema safari hii Baba ameponea chupuchupu na asitegemee nyingine. Shangazi akaanza kumweleza alivyochemsha, na kwa muda gani, na daktari akamwacha aseme mpaka akamaliza, kisha akamweleza taratibu nyama nyekundu ni nini. Nililia, lakini nililia kwa hasira. Huzuni ilikuja baadaye, nilipoona miguu ya Baba ilivyovimba chini ya shuka la hospitali, miguu iliyosimama dukani miaka yote tuliyosomeshwa wewe na mimi.

Sasa sikia hili, kwa maana hujaambiwa na mtu. Baba alipopata nguvu ya kuzungumza alimtoa Shangazi nje, akaniambia nikae. Akasema alijua. Tangu siku ile ya kwanza alijua nyama nyekundu ni nini, kwa sababu alimuuliza muuguzi wakati yeye Baba akifunga vifungo vya shati lake baada ya kupimwa. Hadithi ya steki na weupe wa mbavu aliitunga akiwa njiani kurudi nyumbani. Akamwacha Shangazi aamini lake, akaniacha mimi nigombane na ukoo mzima, kisa aliona aibu. Wateja wanamwamini, alisema, kwa sababu hajawahi kuwauzia kitu ambacho yeye mwenyewe haweki mezani. Angewatazamaje.

Nilimuuliza kama aibu ya kutazamwa na wateja ni kubwa kuliko mimi kubaki bila baba wala mama. Alichukua mkono wangu akauweka kifuani, pale panapodunda, akauacha hapo. Nakuambia ukweli, sikumsamehe palepale. Nilimnunia mpaka tukafika nyumbani, na nilimpikia nikiwa nimenuna, na chumvi nikaipunguza zaidi ya alivyosema daktari.

Lakini siku aliyoweza kusimama vizuri alifanya jambo. Alisubiri saa ile ya mchana ambayo foleni inafika barabarani, akatoka na bakuli la maharage, akakaa kwenye kiti mbele ya kaunta, wote wamwone, akaanza kula. Yule fundi gereji, mteja wetu wa mbavu, akamuuliza kulikoni mzee. Baba akamwambia moyo wake umekataa nyama, na ameona afadhali wajue kwake kuliko wasikie mazishini. Halafu akamsogezea kijiko. Fundi akaonja, akaonja tena, akaomba aelekezwe namna ya kuunga. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Fundi alinunua mbavu zake kama kawaida, na duka liko palepale ulipoliacha. Hicho ndicho kitu mlichokuwa tayari kumzikia Baba.

Shangazi naye sasa anazunguka mtaa mzima akiwafundisha watu maana ya nyama nyekundu, na vile vijidonge vya tende anasema kavibuni yeye. Nimeamua kunyamaza. Nimeamua mara nyingi, na kila mara nashindwa.

Sasa nifike kwenye lile la mwisho. Siku chache baada ya kikao chako, wifi alinipigia. Alikuwa amekaa pembeni yako ukinihukumu, alisikia yote. Aliniambia kwamba ukipanda ngazi za stoo unasimama katikati na kushika ukuta, halafu unasema ni vumbi. Aliniambia mkono wako wa kushoto unakufa ganzi, na kwamba hutaki kwenda hospitali kwa sababu unajua utakachoambiwa. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini usimsikie, na analia. Nikamwambia achukue kalamu.

Ile mipira ya nyama ya kusaga kwenye mchuzi wa nyanya, unayoila karibu kila jioni, ile uliyompigia Baba simu kujisifia kwamba mkeo hatimaye amejua kuchagua nyama, haina nyama, Kaka. Haina hata chembe. Ni dengu za kahawia, zinachemshwa na kuepuliwa kabla hazijarojeka. Ni uyoga uliokatwakatwa vidogo na kukaangwa mpaka maji yake yakauke. Ni kitunguu saumu, pilipili manga, na mkate uliofikichwa ili mchanganyiko ushikane. Nyama unayoipeleka nyumbani kila siku wifi anampa yule mama wa jirani mwenye watoto wengi, na ndiyo maana anakusalimia kwa heshima kiasi kile. Wewe, mtoto wa bucha na mwenye bucha, umekula dengu tangu wiki ya kikao kile mpaka leo, ukaongeza sahani, ukajipangusa mdomo na kusema nyama ndiyo hii. Labda pua yako inashinda na nyama mpaka imechoka kuitambua.

Usimfokee wifi. Mpishi ni yeye, lakini mwenye kosa ni mimi, na radhi siombi. Kasirika na mimi, hasira zako nimezizoea tangu utotoni. Wifi ananiambia siku hizi unazimaliza ngazi bila kusimama. Nimefurahi, lakini dengu si daktari, na mkono kufa ganzi si vumbi. Nenda hospitali wiki hii. Nenda na mkeo, mwambie akae karibu na daktari, na maneno mtakayoambiwa muyaulize mpaka maana yake iwe moja. Nimeshika kifua cha Baba nikahesabu mapigo kwa kiganja, na sitaki kushika cha mwingine. Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na sina kaka mwingine.

Baba anakusalimu. Amekaa hapa karibu na cherehani, anasema nikuandikie kwamba kwenye dengu chumvi iwekwe mwisho, na kwamba hakujua kuhusu mipira ile, ingawa amecheka mpaka nimemwambia anyamaze asije akajiumiza. Wabusu watoto, na mpe wifi mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako, bado nimenuna.