Debe Tatu na Gorogoro Nne

Ghala la Akina Mama,
Suna, Migori.
11 Februari 1996.

Mpendwa kaka Okari,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Kifua kimepona? Baridi ya huko Kanada Mama huitaja katika maombi kila Sabato kana kwamba ina masikio.

Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini uenyekiti wa ghala haachi ng'o.

Ile kompyuta uliyotutumia ilikaribia kutupwa nje, nami pamoja nayo. Niliandika programu ya kutoa risiti za mahindi yanayowekwa hapa. Bi Bhoke alileta debe tatu na nusu, risiti ikaandika 3.5. Akasoma jinsi wanavyohesabu sokoni, nukta ikitenga debe na gorogoro: debe tatu, gorogoro tano. Lakini debe letu hujazwa kwa makopo manane ya gorogoro, kwa hiyo nusu ni gorogoro nne. Alipokuja kuyachukua akaona amepunjwa gorogoro moja. Kaka, nilikiona cha mtema kuni. "Hii mashine ni mwizi, na huyu msichana anajua," alisema mbele ya wote, Mama akainamisha kichwa. Akina mama wa ghala wakaamua: nisipoirekebisha kufikia Ijumaa, inarudi kwenye boksi na mimi nitafute kazi kwingine.

Nilimkumbuka marehemu Bibi Nyamusi akipima mahindi, mimi na wewe tumeshika mdomo wa gunia huku tunapigana mateke chini kwa chini. Hakusema nusu hata siku moja. "Debe tatu na gorogoro nne," alitangaza hadi ng'ambo ya barabara wasikie, kisha akaongeza konzi juu. Siku zile zilikuwa tamu, kaka. Naandika haya machozi yakinilenga.

Basi nikafungua makaratasi yako ya C++, ile lugha ya kuandikia programu. Kumbe ukiunda namba ya aina yako mwenyewe, lazima pia uifundishe itakavyojiandika. Yangu nikaiita Kipimo, nikaiagiza: ukifika kwenye printa, toa debe kwanza, kinachobaki kiwe gorogoro, na kisipobaki kitu usiandike sifuri, nyamaza.

Ijumaa Bi Bhoke akapewa risiti mpya: debe tatu, gorogoro nne. Akasoma, akapima, vikalingana. Hakuomba msamaha, unamjua, ila alisema, "Sasa imeongea kama watu." Mashine imebaki, nami nimebaki.

Shangazi Jerusha anakusalimu, pia mdogo wetu Fanuel, ambaye siku hizi ana ndevu na maringo.

Mama hakutuma salamu. Aliichukua nakala ya ile risiti, akaisoma kwa sauti peke yake jikoni, kisha akatoka akaniuliza, "Na Okari huko, bado anaongea hivi?" Mwaka wa sita huu hatujasikia sauti yako. Nikamwambia nitakuandikia nikuulize.

Mungu akutunze, akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi dadako akupendaye,
Dorah