Kasha Lisilo na Diski

Nakuru

Kaka yangu mpendwa Mathenge,

Pokea salamu zangu nyingi huko Wajir. Natumaini u mzima, na kwamba joto la huko halijakumaliza. Sisi tuko salama. Mama amevuna viazi shambani Dundori, na goti lake limepata nafuu.

Uliniuliza kwa nini duka lako la gemu limelala. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu ningedanganya tena.

Unakumbuka mtu alikuwa ananunua diski, anacheza wiki tatu, kisha anairudisha tumbadilishie. Kibii, yule makanga wa matatu za Gilgil, alicheza hivyo miaka yote. Siku hizi gemu inashuka kwa intaneti hadi kwenye mashine, na inabaki kwenye akaunti ya aliyeinunua. Huwezi kuiuza tena. Kibii alijaribu mara moja, akaja kuniuliza, "Wangui, sasa nikiimaliza hii nitamuuzia nani?"

Februari, Mama Cheruto wa Milimani alirudi na kasha jipya la gemu tulilomuuzia. Ndani hamkuwa na diski, ila karatasi yenye namba ya kufungulia gemu. Akasema mbele ya watu kwamba nimemuuzia hewa. Nilimweleza kuwa gemu zingine siku hizi huja hivyo, hakusikia. Nikafunga duka, nikaenda kwake, nikaiingiza ile namba. Jioni Cheruto alikuwa anacheza, na mama yake ananimiminia chai ya pili.

Kaka, hapo ndipo nilipokukosea. Mama Cheruto aliwaambia majirani, nao wakaniita. Nimezunguka nyumba kwa nyumba nikiwafungulia akaunti na kuwaonyesha jinsi ya kununua bila kufika kwetu. Wananilipa. Nilikwambia mji umekauka, kumbe wateja wako niliwahamisha mimi mwenyewe. Na kazi hii naipenda kuliko nilivyowahi kulipenda duka.

Ijumaa nilimrudishia mwenye nyumba funguo za duka. Diski ziko kwa shangazi Rahab, zote, nimezifunika vumbi lisiingie. Kibii alichagua mbili, nikampa bure.

Ukikasirika, ni haki yako. Ila usimpigie Mama kabla sijamweleza. Kila asubuhi bado ananifungia chakula cha kwenda nacho dukani, nami nakipokea.

Wasalimie wenzako wote kazini. Mungu akulinde huko uliko, nami nangoja neno lako, hata likiwa kali.

Ni mimi dadako,
Wangui