Bwate ya kumi na mbili

Jumapili. Mvua imeanza kabla ya misa ya kwanza na mpaka sasa, saa tisa mchana, haijakatika. Vilima vya Butembo havionekani kabisa. Ninaandika kwenye simu nikiwa jikoni, karibu na makaa, kwa sababu sebuleni amekaa kaka yangu na sitaki kuuona uso wake.

Mnaonisoma hapa mnamjua. Ni Kasereka, mimi namwita Yaya kama wadogo wote wanavyowaita wakubwa wao. Ana miaka themanini na mitatu, ananizidi sita. Miezi mitatu iliyopita alinijia na mfuko mmoja wa nguo, baada ya watu wenye silaha kuichoma nyumba yake upande wa Mutwanga. Nilimpa chumba kilichokuwa cha marehemu mume wangu. Nilifurahi, sitadanganya. Mjane anayekula peke yake miaka tisa hufurahia hata kikohozi cha mtu mwingine ndani ya nyumba.

Leo najuta kumfungulia mlango. Nimeliandika hilo nikalifuta, nikaliandika tena. Basi libaki.

Niliwahi kusimulia hapa habari za sinema ya utoto wetu. Niliisimulia kama nilivyodanganywa. Acha niisimulie upya.

Uhuru ulipofika, mzungu mmoja wa kahawa alifunga mashamba yake akarudi kwao. Aliacha dépôt tupu, ghala lake la kahawa, mashine ya sinema, groupe ya kutoa umeme, na sanduku lenye bwate kumi na mbili, makopo ya bati. Ilikuwa filme moja ndefu iliyokatwa vipande, kila bwate kipande chake. Yaya alikuwa fundi wa yule mzungu, ndiye peke yake aliyejua kuiendesha ile mashine. Miaka michache baadaye, groupe ilipopata vipuri, akaanza kutuonyesha. Kila Jumapili baada ya misa ya pili, kipande kimoja. Hata umlilie vipi, kimoja tu.

Filme ilisema Kiingereza na hakuna aliyekijua. Yaya alisimama kando ya shuka jeupe akatueleza. Shujaa tulimwita Bwana Kofia, maana kofia yake haikudondoka hata alipoanguka toka juu ya farasi. Adui alikuwa Kidole, kwa sababu kimoja kilikatika. Palikuwa na mamzele mmoja, msichana wa mjini, aliyefungwa kamba karibu kila juma.

Na kila kipande kilikatika pabaya. Gari linatumbukia korongoni, Bwana Kofia yumo ndani, halafu maandishi, halafu shuka tupu. Watu walizomea, kisha wakacheka, wakatoka wakibishana. Ubishi ule ulidumu wiki nzima, sokoni, mtoni, hata kwenye mstari wa kuungama. Jumapili inayofuata tunaonyeshwa kwamba aliruka nje kabla gari halijafika ukingoni. Lakini wiki iliyopita hatukumwona akiruka! Tulijua tunadanganywa. Tulirudi kila mara, tena mapema, tupate benchi la mbele.

Aliyeipenda kuliko wote ni Mwalimu Musubao, mwalimu wangu wa darasa la mwisho. Jumatatu aliandika ubaoni: Bwana Kofia atatokaje? Tuliandika ukurasa mmoja mmoja. Mara moja niliandika kwamba mamzele atakata kamba kwa kioo cha mkoba wake. Jumapili ikawa hivyo hasa. Mwalimu akageuka kwenye benchi, akanitafuta katika watu wote wale, akainua kofia yake kunisalimu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sijapata sifa kubwa kuliko ile.

Kipande cha kumi na moja kiliwaacha Bwana Kofia na mamzele wamefungwa pangoni, maji yamefika kidevuni. Wiki hiyohiyo waasi waliingia mjini.

Mikutano ikakatazwa. Dépôt ikafungwa, na Yaya akasema bwate ya mwisho imepotea katika vurugu zile. Waasi walianza kuwatafuta waliofanya kazi na serikali, na Mwalimu alikuwa ameitwa bureau, ofisi ya serikali, mwaka ule kuiandikia barua, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Kosa lake ni hilo. Alijificha mlimani, katika ghala la maharagwe la wakwe zake. Mke wake, Mama Katungu, alikuwa na mimba kubwa asiweze kupanda, basi akanituma mimi na chakula. Nilipanda mara mbili kwa juma. Sikumwambia mtu alipo, hata Yaya, ingawa aliniona nikitoka na kapu.

Majuma yalipita. Siku moja Yaya akaja nyumbani na uso wa furaha. Alisema mkubwa wa waasi anapenda sinema, ameruhusu dépôt ifunguliwe Jumapili, bwate ya kumi na mbili iliyopotea imeonekana, na wote wanaojificha wamesamehewa, waje bila woga.

"Mwambie Mwalimu," akasema. "Nimeongea nabo mimi mwenyewe. Hapana kuogopa."

Nilipanda mlima siku hiyohiyo. Mwalimu aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Ni Kasereka amesema?" La pili: "Na weye unaona namna gani?"

Nikamwambia ashuke, aje.

Hapa niungame jambo ambalo sijawahi kuliandika. Ningeweza kuuliza zaidi. Kwa nini watu waliochoma bureau wawe ghafla na huruma? Sikuuliza kwa sababu nilitaka kuona mwisho. Nilikuwa nimelala majuma mengi nikiyaona yale maji kidevuni. Nilitaka kuona mwisho, na nilitaka Mwalimu awe benchi la mbele tutakapouona.

Alikuja amenyoa ndevu. Alikaa palepale alipozoea. Yaya akawasha mashine, na kwenye shuka akatokea Bwana Kofia akishuka kwenye treni, sanduku mkononi. Watu wakaguna. Kilikuwa kipande cha kwanza. Nilimtazama Yaya nikadhani amekosea, na nikaona hatazami shuka. Anatazama mlango.

Walimchukua Mwalimu na wengine wanne. Waliwapakia kwenye kamiyo, lori la waasi, kuelekea Beni. Wawili hawakurudi. Mwalimu alirudi kwa miguu waasi walipokimbia, mkono wa kulia umevunjwa ukaunga vibaya. Alijifunza kuandika ubaoni kwa kushoto. Mwandiko wake ukawa kama wa mtoto.

Hakuniuliza kitu. Hakunishtaki kwa mtu yeyote. Ila tangu siku ile hakutaja tena jina langu. Tulipokutana njiani aliniambia "Wavukiri, mama," kama unavyomsalimu mpita njia, akaendelea. Mimi, binti wa kumi na saba. Ikawa hivyo zaidi ya miaka thelathini, mpaka alipofariki.

Yaya alilia mbele ya mama yetu. Alisema alidanganywa kama sisi: waasi walimpa bwate wakamwambia ndiyo ya mwisho, naye aliamini, akagundua picha ilipotokea. Nilimwamini. Zaidi ya kumwamini, nilimpigania. Kwenye matanga ya Mwalimu watu hawakutaka Yaya aguse jeneza. Nilikwenda kwa Mama Katungu, nikashika msalaba uliokuwa kifuani pa marehemu, nikaapa kwamba kaka yangu hana hatia. Mama Katungu akasema, "Kama ni weye unasema, abebe." Yaya akabeba.

Sasa leo.

Baada ya chai tulikaa sebuleni tukisikiliza mvua kwenye mabati. Tangu aje kwangu, mchezo wetu ni kukumbushana ile filme, kipande kwa kipande. Nampenda sana akisimulia, bado ana ile sauti. Leo tulifika cha kumi na moja. Nikasema, bila nia yoyote, ni huruma hatukuona cha mwisho.

Akatabasamu, kikombe mkononi. "Ile ya kumi na mbili ilikuwa kwangu, chini ya kitanda."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikamuuliza ilikuwa kwake lini.

"Wakati wote. Siku ile nilijua hatutaimaliza. Bantu batakimbia, mashini itaanguka, filme itakatika. Nikaionea huruma. Donc nikatia ile ya kwanza."

Alisema hivyo kwa upole, kama fundi anayeeleza kazi. Kisha akaona uso wangu, akaweka kikombe chini.

Nikamuuliza kama alijua watakuja kumkamata Mwalimu. Akasema waasi walikuja kwake kwanza, kwa kuwa naye alifanya kazi kwa mzungu. "Bakaniambia: ni yeye, ao ni weye."

Hilo naweza kulisikia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, aliogopa kufa. Sijui mimi ningefanya nini. Nimelizungusha kichwani tangu asubuhi na bado sijui.

"Na kwa nini ulinituma mimi?" nikauliza.

"Kwa sababu weye angekuamini."



Nilimuuliza kama mwenyewe aliwahi kuitazama bwate ile. Akasema hapana, hakuweza. Ilikaa chini ya kitanda mpaka unyevu ukaila, akaitupa. Sasa nimeelewa kwamba aliihurumia filme kuliko Mwalimu, na kuliko mimi. Alimwogopa muasi, sawa. Lakini matanga yale yalikuja miaka zaidi ya thelathini baadaye, hakuna mtu aliyemshikia bunduki. Aliniacha niape. Alisimama pembeni na suti nyeusi akanisikiliza nikiapa, kisha akaenda kubeba jeneza.

Nikaja jikoni. Maharagwe yalikuwa yameiva. Nilifikiri kumwambia aondoke, nikafikiri aende wapi, kwake ni majivu. Nilimpakulia. Alikula. Akasema chumvi imepungua kidogo, nikampelekea chumvi.

Hivi ndivyo nilivyo. Nina hasira, na nimempelekea chumvi.

Mama Katungu bado yuko hai. Anakaa kwa binti yake, dakika ishirini kutoka hapa kwa miguu, haoni vizuri lakini akili iko timamu. Kila Krismasi hunitumia kuku. Anamtumia salamu Yaya pia, kwa sababu ya kiapo changu.

Kwa hiyo saa moja iliyopita nimerudi sebuleni, nimesimama mlangoni, nikamwambia: "Kesho tunaenda kwa Mama Katungu. Utasema kwa mudomo yako."

"Atanifukuza."

"Ndiyo, Yaya. Labda atakufukuza."

"Na weye?"

Nikarudi jikoni. Ninaogopa pia kwa ajili yangu: atakaposikia, Mama Katungu atakumbuka ni nani aliyepanda mlima, na mimi sitamficha kwamba nilitaka kuona mwisho wa filme. Mwalimu aliondoka duniani bila kusikia hilo kutoka kwangu. Mke wake atalisikia.

Nimepasha pasi ya makaa, nimelinyoosha shati lake jeupe, nimelitundika kwenye mlango wa chumba chake. Kesho tutatoka saa mbili asubuhi. Nikikuta bado limetundikwa, nitaenda peke yangu.