Diski Yako Imepigwa Mlango Wazi

Tonton,

Umeshinda, mjomba. Nimetanguliza matokeo kabla ya salamu kwa sababu najua ungenikatiza: "Salamu haziozi, mama. Sema nani ameshinda."

Jana, siku ya mwisho ya mwaka, tulikusanyika sebuleni kwako Kadutu kama kawaida, watu tisa na viti sita, kuchagua diski ya mwaka. Abacost yako, ile suti yako isiyovaliwa tai, bado inaning'inia nyuma ya mlango. Maman Nabintu, mke wako, alikuwa ameifunika gramafoni kwa kitenge tangu tulipokuzika, na tangu siku hiyo hajaimba hata kanisani. Aliniambia niifunue mimi, kisha akaketi, mikono mapajani.

Kanuni unazijua, ulizitunga mwenyewe. Diski hushindana katika mwaka wake tu. Inayoshinda ni ile ambayo watu wataomba igeuzwe, wasikie na upande wa pili. Na huo wa pili hupigwa mlango ukiwa wazi, avenue nzima isikie. Miaka saba ulituletea diski zako za ajabu, na miaka saba hakuna aliyesema geuza. Hata mimi sikusema. Hii ya mwisho, ya wale vijana wa kisiwa cha Idjwi wenye gitaa la umeme na lulanga, kile kinanda cha nyuzi cha wazee, ulienda kuipokea mwenyewe uwanja wa ndege Kavumu, ukarudi umeikumbatia. Nikakuambia hata ng'ombe wataikimbia. Ulicheka mpaka ukakohoa, na kikohozi kile hakikukuacha tena. Nimejuta, Tonton. Nimejuta sana.

Ndiyo maana jana niliogopa. Ingeshindwa jana, ingekuwa imeshindwa milele, na wewe pamoja nayo.

Kwa heshima yako wakasema yako itangulie. Jirani yako, citoyen Cizungu, alikuwa na diski yake ya muziki wa Kinshasa kwapani, anaipapasa. Akasema, "Tupige haraka ile ya marehemu, tumalize. Muziki haina sebene ya kuchezesha watu, ni chai bila sukari. Kisha tutacheza."

Wakacheka. Mimi machozi yakanijaa, na kwa machozi hayo nikaweka upande wa pili juu badala ya wa kwanza. Nilijua nimekosea pale nilipokosa kusikia ile lulanga ndefu niliyoitukana. Ikatoka sauti ya kijana akiimba Kihavu, wimbo wa mwanamke na kikapu chake cha mananasi, anangoja mtumbwi ufukweni. Nikanyoosha mkono niinue sindano.

"Acha!"

Maman Nabintu. Wewe ulijua, sivyo? Ni wimbo wa kwao Idjwi. Alianza kuuimba chini chini, macho sakafuni. Kijana akiuliza, yeye anamjibu. Sauti ikapanda, ikatetemeka, ikasimama imara. Tonton, ile sauti uliyoioa! Hakuna aliyetoka kufuata bia. Cizungu aliiweka glasi yake chini polepole isigonge meza.

Diski ikaisha. Sikuthubutu kumwangalia mtu.

"Geuza," akasema Maman Nabintu.

Na Cizungu, huyo huyo, akanigeukia: "Geuza, mwalimu! Unangoja nini?"

Wakaitikia wote. Maman Nabintu ndiye aliyefungua mlango, kwa mikono miwili, mpaka ukagonga ukuta. Lulanga yako ikatoka nje ikashuka kilima. Wamama waliokuwa wanapanda kutoka sokoni na mabeseni kichwani wakasimama, wakauliza ni muziki gani huo. Cizungu akatoka kizingitini, kifua mbele utadhani aliinunua yeye.

"Ni diski ya mwaka," akawaambia, akalitaja na jina lako. "Ya Mushagalusa."

Diski yake hata hakuitoa katika jalada.

Nisikufiche: ule upande wa lulanga bado siupendi. Ni mrefu, Tonton. Lakini niliusikiliza wote nikiwa nimesimama, na nilijivuna mpaka kifua kikaniuma.

Nakuahidi jambo moja. Kila mwisho wa mwaka mimi nitaleta ile diski ambayo hakuna anayeitaka, wanicheke walivyokucheka, na nisikasirike. Kiti chako nimekichukua. Maman Nabintu amekataa kuirudishia gramafoni kitenge chake. Asubuhi hii amekifunga kiunoni, anafagia na kuimba.

Pumzika, mshindi wetu.

Mutoto wa dada yako,
Furaha