Maboksi Mawili ya Mholanzi Wako

Baba,

Ni mimi niliyeyatupa. Nilitaka ulisikie hilo kwanza.

Wiki moja baada ya kukuzika, mwenye nyumba alitaka chumba chako cha Riverdale Park, huku Marekani, kiwe kitupu. Nilitoka zamu kwa wale wazee ninaowauguza Greenbelt, nikamkuta mdogo wangu Elia ameshaanza kufungasha. Chini ya kitanda kulikuwa na maboksi mawili. "Dada, na haya?" Nikafunua moja, nikaona karatasi ya juu ina Kiholanzi, nikasema, "Tupa." Sikugeuza hata karatasi ya pili. Kesho yake lori la taka likapita.

Siku ya tatu nikakuta daftari kwenye koti lako la ulinzi. "Sura zote zimo kwenye maboksi." Miaka yote ile uliyolinda majengo ya kompyuta kule Sterling, kumbe ulikuwa unaandika maisha ya yule waziri wako wa Uholanzi ya zamani.

Nami nilikuwa nakucheka, Baba. "Nani anamjali Mholanzi aliyekufa zamani?" Ukanijibu, "Aliandika katiba iliyompunguzia mfalme nguvu, na damu haikumwagika. Mimi namjali." Ukaendelea kula.

Daftari lina mwisho wa maisha ya waziri tu. Alivyoitwa kuongoza serikali mara ya tatu, mzee, amefiwa na mkewe, akafa angali kazini. Na pale ulipopigia mstari: serikali yake ya pili ilitunga sheria ya kuwaacha huru watumwa wa Suriname, koloni la Uholanzi, kisha wengi wao wakafungwa na mikataba ya kazi miaka kumi zaidi. "Nimsifu vipi? Nimlaumu vipi?" Jibu lako lilikuwa ndani ya boksi. Au hukuwa nalo. Sitajua.

Mama alipopiga simu kutoka Moshi akiulizia kitabu, nilimdanganya mara mbili. Jana nikashindwa, nikamwambia. Akasema, "Alikuwa akinisomea, sura kwa sura. Nyingi zimenitoka. Chukua kalamu."

Tumeandika kurasa nne, Baba. Mama anakumbuka barua ambazo waziri alimwandikia mkewe. Mambo ya bunge hayakumbuki kabisa.

Nitaandika kila atakachokumbuka. Asipokumbuka, nitaacha pengo. Sitakutungia neno hata moja.

Pumzika, Baba. Ukiweza, nisamehe.

Mwanao,
Neema